Juzuu Moja kwa Mkate Mmoja

Uongo wangu niliusema nikiwa nimefunga, tena siku ya mwezi ishirini na saba Ramadhani, tena mbele ya misahafu minane. Nikikumbuka, mpaka leo masikio yanapata moto.

Ngoja nieleze. Nyumbani kwa mama mkwe wangu, Kibokoni, tunakokaa naye mimi na mume wangu, kila Ramadhani ikifika mwezi ishirini na saba, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa ukoo hukusanyika ukumbini kwa dua ya hitima. Kila mmoja huja na msahafu wake. Kabla ya dua, mama mkwe huwapitia mmoja mmoja na swali lake lile lile: "Wewe umefika wapi?" Aliyemaliza juzuu zote thelathini za Kurani husema, "Alhamdulillah, nimehitimu," na chetezo cha udi huanzia kwake, ajifukize mpaka mtandio unukie hadi Iddi. Ambaye hakumaliza hutaja juzuu aliyofikia, na chetezo humfikia mwisho, udi umekwisha, umebaki moshi wa makaa. Hakuna amsemaye, lakini kwani kuna haja ya kusemwa?

Mimi, kwa miaka kumi na minne ya ndoa, nilikuwa mtu wa moshi wa makaa.

Si kwamba sijui kusoma. Nimesoma chuo cha Kurani kwetu Mbaraki, na mwalimu wetu alikuwa na bakora isiyojua mtoto wa nani. Shida yangu ni pumzi. Mwezi mosi naanza kwa kishindo, juzuu moja na nusu. Mwezi pili, juzuu moja. Mwezi tatu, nusu. Ikifika mwezi sita, msahafu uko juu ya kabati na mimi niko chini natafuta ufuniko wa sufuria. Suratu Al Imran naijua kuliko njia ya nyumbani, kwa sababu kila mwaka ndipo ninapofia. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akinifananisha na safu za tarawehe: mwezi mosi watu wamejaa hadi barabarani, mwezi kumi imamu amebaki na safu moja na nusu na paka.

Na nimejaribu, jamani. Mwaka mmoja niliweka programu kwenye simu ya kunikumbusha. Ikawa inanikumbusha niko dukani Biashara Street, nimemkunjulia mteja leso ya kumi na mbili, naye bado anauliza kama hakuna yenye rangi iliyotulia kidogo. Nikaizima. Mwaka mwingine nikasikia mawaidha kwamba ukisoma kurasa nne baada ya kila sala, unapata kurasa ishirini, nayo ndiyo juzuu nzima, rahisi kama kunywa maji. Anayesema hivyo ni mwanamume, na nina hakika kuna mtu nyumbani kwake anayekaanga sambusa wakati yeye anasoma kurasa nne.

Sasa turudi kwenye uongo. Mwaka ule nilikuwa nimejikaza nikafika juzuu ya saba, kwangu mimi ni ushujaa. Tumeketi ukumbini, swali limeshazunguka, karibu linifikie, wifi yangu akatangulia. Yeye alikuwa amehitimu mara mbili, na alihakikisha tumesikia. Akasema, "Huyu msimuulize, mama. Mumpe pole tu tuendelee." Wanawake wakacheka, hata mtoto wa shule mlangoni akacheka. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazipandi ngazi. Mama mkwe aliponigeukia, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Alhamdulillah, nimehitimu."

Wifi akanitazama kama anayesoma bei. Mama mkwe akaninyooshea chetezo, nikajifukiza kwa udi ambao sikuwa na haki nao, huku natamani sakafu ipasuke. Kisha akasema jambo lililonimaliza kabisa.

"Mashallah, mwanangu. Basi mwaka ujao, tukijaaliwa uhai, utasoma na mimi. Marufaa yangu hapa, yako hapa, tukikabiliana."

Mnajua uzito wa neno hilo? Mama mkwe alikuwa akisoma peke yake ukumbini tangu alipofiwa na mumewe. Mgongo umenyooka, msahafu wa herufi kubwa juu ya marufaa, kile kibao chake cha kukunja, na hakuna aliyethubutu kukaa karibu. Hata binti yake wa kumzaa, wifi huyo huyo wa kuhitimu mara mbili, hakuwahi kuambiwa njoo. Akaninunia mpaka Iddi pili.

Mwaka mzima niliishi na jambo hilo kifuani. Nikikutana na mama mkwe ngazini, namwamkia huku nahesabu miezi iliyobaki. Mume wangu nilimwambia? Thubutu. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, nami niliiona mwisho wake kwa macho yangu: ni ukumbini, kwenye mkeka, mbele ya bibi wa miaka sabini na kitu ambaye akinisikia nasoma siku mbili tu atajua kwamba huyu hajawahi kuhitimu kitu. Kwa hiyo ilikuwa lazima safari hii nihitimu kweli, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya uso wake.

Ramadhani ikaingia. Mwezi mosi nilirudi kutoka dukani, nikasali alasiri, nikaenda kwake na mpango wangu nimeuandika kwenye karatasi: kurasa nne alfajiri, nne adhuhuri, na kuendelea. Hakuichukua karatasi.

"Baada ya adhuhuri wewe uko wapi?"

"Dukani, mama."

"Wawapimia watu leso. Basi usimwahidi Mungu saa za tajiri wako wa duka." Akatikisa kichwa. "Leo mwapika nini?"

"Mkate wa sinia."

"Kila siku wapika mkate wa sinia?"

"Mwanao hafuturu bila huo."

"Umeona? Hilo hujawahi kushindwa nalo. Nenda ukoroge mkate, uufunike, kisha njoo. Ukiumuka, tumemaliza juzuu."

Nikadhani anafanya masihara. Nikaenda jikoni, nikachanganya unga wa mchele na tui, sukari, iliki na hamira, nikafunika bakuli kwa kitambaa, nikatawadha, nikarudi. Tukafungua. Mimi nasoma kwa sauti ya kadiri, yeye midomo inacheza bila sauti. Kurasa ishirini. Nilipomaliza nikakimbia jikoni, na mkate umejaa hadi ukingoni, unanipumulia. Sikuamini. Saa ambayo kila siku nilikuwa naipoteza kuchungulia bakuli na kuchambua mambo ya majirani, ndani yake kulikuwa na juzuu nzima.

Bila shaka siku ya pili nilijaribu ujanja. Nikatia hamira mara mbili, nikijua mkate utaumuka upesi nami nitasamehewa nusu. Tuko ukurasa wa tisa, harufu ikaanza kuja. Mama mkwe akainua pua.

"Leo mkate wako una haraka."

"Labda joto, mama."

"Labda. Tuendelee."

Tukaendelea hadi ukurasa wa ishirini, naye akisikia vizuri kama mimi jinsi mkate unavyomwagika kwenye meza, tone kwa tone. Jioni wifi alikuja kufuturu na sinia lake la sambusa. Akaonja ule mkate mchachu, akauliza kama tumeupika au tumeuotesha. Tangu hapo hamira nikaitia kijiko kimoja kwa adabu.

Kilichonipa nguvu, nisiwafiche, kilikuwa ni majivuno. Kila nikifika mwisho wa jani langu nikalifunua, nasikia na mama mkwe anafunua lake, fya! Pamoja. Mimi, mtu wa Al Imran, naenda sambamba na mwanamke aliyehitimu kabla sijazaliwa! Nikichelewa, nasema moyoni, haya bibi, mwenzio asikuache. Nikawa najikaza ili tu nisikie ile fya mbili. Nilijiona nimekuwa mtu wa maana, hata dukani nikaanza kutembea polepole.

Mwezi nne zikanijia siku zangu, zile ambazo mwanamke hasali wala hafungi wala hagusi msahafu. Nikaenda kumwambia kwa haya, nikasema aendelee tu, mimi nitajikokota baadaye. Akasema, "Hapana, n'takungoja." Siku sita! Nikamwambia, "Mama, utachelewa kuhitimu kwa ajili yangu." Akanijibu mwendo ndio huo, tumeanza wawili. Nilirudi chumbani nimeudhika, maana nilidhani ananitazama kama kitoto kisichoweza kuvuka barabara peke yake. Sikujiuliza kwa nini mtu wa kuhitimu kila mwaka akae siku sita na tasbihi tu.

Mwezi kumi tukarudi kazini, juzuu ya nne. Safari hii sikukwama. Al Imran tukaivuka bila hata kuaga. Juzuu ya saba, mpaka wangu wa mwaka jana, nikaipita siku ya mkate uliopikika vizuri kuliko yote, na moyoni nilipiga kigelegele.

Kisha ikaja siku ya mwezi kumi na tisa. Biashara Street ilikuwa imeshaanza wazimu wa Iddi, nimesimama tangu asubuhi, miguu inawaka, na kila mtu anataka doti ya leso ambayo iko juu kabisa ya rafu. Tulikuwa juzuu ya kumi na tatu, ndani ya Suratu Yusuf. Nilipoketi mbele ya msahafu herufi zilikuwa zinaogelea. Shetani kafungwa, wanasema, lakini nafsi yangu haikufungwa. Nikasoma mistari mitatu, nikanung'unika kitu mfano wa kusoma, nikafunua jani.

Fya, mama mkwe naye akafunua.

Nikashtuka kidogo. Nikasoma mstari mmoja, nikanung'unika, nikafunua tena.

Fya.

Ala! Mimi nimeiba, yeye je? Amewezaje kumaliza jani zima kwa muda wa kupiga chafya? Nikasema, "Mama, naenda kuchungulia mkate," nikainuka, nikapita nyuma yake kwa nyayo nyepesi, nikatupa jicho juu ya bega lake. Msahafu wake ulikuwa wazi kwenye Suratul Anfal. Juzuu nne nyuma yetu!

Nilisimama jikoni nimeshika kitambaa cha kufunikia mkate. Hapo ndipo akili ilipoanza kuniletea mambo moja moja. Msahafu wake ni wa herufi kubwa, kurasa zake ni nyingi kuliko za huu wangu wa kutia mkobani. Tangu lini mtu akafunua sawa na mimi katika msahafu usio sawa na wangu? Nikakumbuka anavyonituma nimtungie uzi kwenye sindano. Nikakumbuka anavyotia ncha ya kidole kikombeni akimimina chai. Nikakumbuka siku sita za tasbihi. Mama mkwe wangu alikuwa haoni. Alikuwa akinisikiliza. Alikuwa akifunua majani kwa kufuata mkono wangu, wakati mimi nilikuwa nikijivuna kwamba naufuata wa kwake.

Kwanza nilicheka, nikajiziba mdomo kwa kile kitambaa. Halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka nilichokuwa nimetoka kufanya. Nilikuwa nimempunja. Kama ni mimi peke yangu, hiyo ni baina yangu na Mola wangu. Lakini mle ukumbini kulikuwa na mtu ambaye Kurani yake yote ya mwaka ule ilikuwa inapita mdomoni mwangu, na nilikuwa nimemkatia majani mawili kwa sababu ya miguu. Niliona haya, sijawahi kuona haya kama ile, hata siku ya uongo.

Nikarudi, nikaketi. "Mama, nilikoroga maneno pale nyuma. Narudia."

"Rudia," akasema. Basi.

Nikarudia jani moja vizuri, kwa makini. Jani la pili, nisiseme uongo tena, nilisikia mkate unaanza kumwagika na saa zimekwenda, nikajiambia kesho nitalianza hilo. Kesho yake ikawa na watu wake dukani, na nikaanzia mbele.

Lakini tangu siku ile sikuruka hata nukta. Hakuna programu ya simu wala mawaidha yaliyowahi kunifunga hivyo. Nikaongeza na kurasa za baada ya alfajiri, nikimwambia ni kufidia zile siku sita. Nikaanza pia kusoma wazi zaidi, nikitua panapotakiwa, kama mtu anayemmiminia mwenzake chai asimwagikie. Sikumwambia kwamba najua. Ningeanzaje? Mama, nimegundua kwamba wewe nawe ni mwongo?

Na kweli, hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mwezi ishirini na saba ulipofika tulikuwa tumemaliza juzuu ishirini na nne. Usiku wake sikupata usingizi mzuri. Nikisema nimehitimu, ni uongo wa pili, na safari hii yupo shahidi aliyesikia kila herufi. Nikisema ishirini na nne, wifi hatakosa kuuliza: mama asomaye na wewe jani kwa jani, yeye amefika wapi? Ukweli wangu ungemvua nguo mama mkwe mbele ya ukoo. Kila nikigeuka kitandani napata jibu jingine, na yote ni mabaya.

Alasiri wakaja wote, mitandio na misahafu, na wifi mbele. Chetezo kikawashwa. Swali likaanza kuzunguka. Mmoja amehitimu. Mwingine juzuu kumi na tisa. Wifi amehitimu mara mbili na robo, na ile robo aliitaja kwa kuvuta. Mwisho mama mkwe akageuza uso upande wangu, si machoni hasa, kidogo pembeni, sasa nilikuwa nayaona hayo.

"Wewe umefika wapi?"

Nikamtazama. Nikasema moyoni, Mungu nisitiri, na umsitiri na huyu.

"Ishirini na nne, mama. Na mwaka jana nilikuwa juzuu ya saba. Nilisema uongo."

Kaa likapasuka chetezoni. Wifi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe hakikutoka kitu. Mama mkwe akaweka mikono juu ya marufaa.

"Basi na mimi ishirini na nne," akasema.

"Mama!" Wifi akapata sauti. "Wewe? Umekuwaje?"

"N'mekuwa mzee, n'mekuwaje tena? Siyaoni maandishi, wanangu. Ni mwaka wa pili huu. Mwaka jana niliwaambia nimehitimu, kumbe nilikuwa nikifunua makaratasi tu na kusoma ninachokumbuka. Mwaka huu nasoma kwa macho ya huyu. Akiwa ni ishirini na nne, nami ni ishirini na nne."

"Na hukutwambia!"

"Ningewaambia mngenipeleka kutiwa kisu jichoni. Na mngeniketisha pale pembeni na tasbihi, na dua mngempa mwingine asome." Akavuta pumzi. "Mficha maradhi kifo humuumbua, najua. Mmeshajua na nyinyi."

Wifi alianza kulia, kisha mwingine, kisha ukumbi mzima. Mama mkwe akapiga marufaa kwa kiganja. "Ala! Mwalia nini, nani kafa? Pitisheni udi unakwisha! Uanze kwa waliohitimu. Sisi wawili tutavuta makaa."

Tukavuta makaa. Tuliketi bega kwa bega, chetezo kikatufikia kimebaki jivu, naye akajifukiza nalo kwa makini kama ni udi wa mfalme, nikashindwa kujizuia, nikacheka huku machozi yananitoka.

Baada ya futari wifi alinifuata jikoni. Nikajiandaa kwa ulimi wake. Akachukua bakuli la mkate mikononi mwangu, akasema, "Kuanzia kesho hii ni kazi yangu. Wewe kaa umsomee mama. Lakini ukimkosesha hitima hii, mimi na wewe!" Hiyo, kwa wifi yangu, ni sawa na kubusu mikono. Wiki ya pili baada ya Iddi ni yeye aliyempeleka kwa daktari wa macho, akamshika mkono mpaka mlangoni. Ni mtoto wa jicho, daktari alisema, hutolewa, na watu huona.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwezi ishirini na nane tulisoma juzuu mbili. Mwezi ishirini na tisa nilimwomba tajiri ruhusa, akanitazama kama nimemwomba duka, maana hiyo ndiyo siku ya mauzo. Akanipa, kwa kunung'unika. Zilibaki juzuu nne, na hakuna aliyejua kama mwezi utaandama jioni ile au tutakamilisha thelathini. Tulisoma baada ya alfajiri, tukasoma kabla ya adhuhuri, tukasoma tena. Sauti ikanikwaruza, mfungo haukuniruhusu hata funda la maji. Baada ya alasiri ikabaki juzuu moja tu, Amma, ile ya sura fupi fupi ambayo sote tuliianzia chuoni. Watu walishaanza kupanda juu ya mapaa kutazama mwezi, tunawasikia wakiitana.

Mama mkwe akafunga msahafu wake, fya ya mwisho.

"Hii haitaki macho," akasema. "Hii nifuate."

Akaanza kusoma kwa sauti, kwa mara ya kwanza mwezi ule, sauti nyembamba lakini haitikisiki, na mimi nikawa ndiye ninayefuata. Nami nikaufunga wangu. Sura moja baada ya nyingine, naye hakukosa hata moja, mpaka Suratun Naas. Nikashusha pumzi. Nikauinua msahafu nipate kuubusu, mkono wake ukanishika.

"Bado."

"Mama, tumemaliza. Hiyo ni ya mwisho."

"Umemuacha Nabii Yaqub kipofu tangu mwezi kumi na tisa."

Lile jani la pili! Ndilo lenye habari ya Nabii Yusuf kumpelekea baba yake kanzu, ikatupwa usoni kwa mzee aliyelia mpaka macho yakaingia weupe, naye akaona tena. Katika majani yote ya msahafu, mimi nilikuwa nimeruka hilo, mbele ya mtu huyo. Na yeye alikuwa amelisikia kwamba halikusomwa, akalingoja siku kumi, hakunambia neno.

"Mama, nisamehe."

"Nishakusamehe siku ile ile. Sasa nisomee."

Nikafungua. Nikalitafuta jani, nikasoma. Midomo yake safari hii haikucheza. Alikaa tu, uso ameuelekeza kwangu, mikono mitupu mapajani. Nilisoma polepole, kama ile kanzu naipeleka mimi, isije ikanidondoka njiani. Nilipofika pale mzee aliporudishiwa macho, niliinua macho kumtazama, akasema, "Endelea," nikaendelea hadi mwisho wa jani. Juu ya mapaa mtu akapiga ukelele, na wengine wakampokea, mwezi umeonekana. Jikoni wifi akawa anawauliza majirani kupitia dirishani kama wana hakika.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akakuta msahafu wangu, akalifunua jani yeye.

"Haya," akasema. "Sasa sema lile neno la mwaka jana."

Nikalisema.